Nani Ashike Pishi?

Mashindano kati ya serikali na benki kuu ni ya zamani, na kila yanapotokea huzusha makundi mawili ya watetezi. Kundi la kwanza husema kwamba serikali imechaguliwa na watu, ilhali gavana wa benki hakuchaguliwa na mtu. Basi gavana na atii. Kundi la pili husema kwamba mwanasiasa ni mtu wa leo na fedha ni jambo la kesho. Basi gavana na aachwe huru, asiulizwe neno. Watu hawa wamebishana katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne, na mabishano yao hayajapata mwisho kwa sababu pande zote mbili zimesimama juu ya neno lisilofaa kazi hiyo. Neno lenyewe ni uhuru. Upande mmoja huuona uhuru wa benki kuwa ni kipande kilichomegwa katika uhuru wa taifa. Upande wa pili huuona kuwa ni milki ya benki. Benki kuu haina uhuru wa namna hiyo, wala haiustahili. Kilichomo mikononi mwake ni amana. Atakayedhani kuwa huu ni ugomvi wa kamusi tu na azingatie mambo yaliyotokea Dar es Salaam, Kampala na Nairobi tangu 1966, kisha ahukumu.

Kabla mizani ya kilo haijaenea, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mnunuzi mwangalifu aliitazama pishi kwanza, ndipo akauliza bei. Maana bei nzuri katika pishi yenye kitako kilichoinuliwa ni hasara. Pishi mbovu humwibia mtu bila ya kumnyang'anya. Hurudi nyumbani akidhani amenunua mtama wa kutosha, na mkewe ndiye hugundua jioni kwamba chungu hakikujaa.

Shilingi nayo ni pishi. Kwa shilingi hupimwa mshahara wa mwalimu, bei ya pamba, karo ya mtoto, deni la duka, mahari ya bibi harusi na akiba ya mjane. Na katika soko la nchi nzima hapana mnunuzi mkubwa kuliko serikali: hununua saruji, dawa, magari na bunduki, tena hununua kazi ya askari, ya mwalimu na ya mganga. Basi swali lililo chini ya ugomvi huu ni jepesi kulitamka: je, yafaa mnunuzi aliye mkubwa kuliko wote ndiye pia ashike pishi?

Wale wajibuo kwamba yafaa si watu wasio na hoja, na haki ni kuisikiliza hoja yao mahali ilipo na nguvu. Historia ya fedha katika nchi hizi ni historia ya kupimiwa na wageni. Lugha yenyewe ni shahidi. Pesa na rupia zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Hela ni heller ya Wadachi, waliyoitumia katika koloni lao la Afrika Mashariki. Shilingi ni ya Waingereza. Hata fedha, neno lililo adilifu kuliko yote, ni la Waarabu, na maana yake ya asili ni madini meupe. Mswahili hana jina la pesa lisilo na mhuri wa mtu mwingine.

Na majina yalifuata mambo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na hata 1960 ilipohamia Nairobi ilikuwa ikikaa London. Kazi yake ilikuwa ya karani: aliyeleta pauni alipewa shilingi, na aliyerudisha shilingi alipewa pauni. Mali iliyodhamini shilingi hizo, jasho la wakulima wa kahawa, pamba na katani, ilikuwa Uingereza. Hadi 1955, iliporuhusiwa kukopesha serikali za makoloni kiasi kidogo kwa mpaka uliowekwa, Bodi haikuwa na idhini ya kutoa shilingi isiyo na pauni nyuma yake. Pishi ile ilikuwa imara kama chuma, lakini mwenye kuishika alikuwa ng'ambo na hakuwa na habari za njaa ya bara. Septemba 1949 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni yake kwa kiasi cha asilimia 30, shilingi ya Afrika Mashariki ilishuka pamoja nayo. Hakuna mkulima wa Buganda, wa Usukuma wala wa Kiambu aliyeulizwa shauri.

Ndiyo maana mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa fahari. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni, ya Uganda ikafuata Agosti, na ya Kenya Septemba. Mwaka uliofuata, Novemba 1967, London ilishusha tena thamani ya pauni. Safari hii nchi zote tatu zilikataa kufuata. Shilingi zao zilibaki pale pale, na pauni iliyokuwa ikipata shilingi 20 ikawa inapata 17 na senti kidogo. Asiyeona faida ya nchi kuwa na benki yake na ajifunze katika mwezi ule. Huo ulikuwa uhuru, na neno lilikuwa mahali pake: uhuru wa taifa mbele ya dola nyingine. Kosa lilianza pale neno hilo hilo lilipochukuliwa ili kuamulia jambo la pili, yaani ni nani miongoni mwa wenyeji ashike pishi iliyorudishwa nyumbani.

Shilingi hizi tatu zilizaliwa mwaka mmoja, kwa thamani moja. Dola moja ya Kimarekani ilipata shilingi 7 na senti 14, iwe Mombasa, Tanga au Jinja. Mwaka 2025 dola hiyo ilipata kiasi cha shilingi 130 za Kenya, kiasi cha 2,500 za Tanzania na kiasi cha 3,600 za Uganda. Hata hesabu hiyo haijasema yote, kwa kuwa mwaka 1987 Uganda ilifuta sifuri mbili katika fedha yake: shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na juu ya hapo serikali ikakata asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Kwa shilingi iliyozaliwa 1966, basi, dola ya leo ni kiasi cha shilingi 360,000.

Ingekuwa dhuluma kuyatwika haya yote juu ya mabishano ya benki na serikali. Mafuta yalipanda bei 1973 na tena 1979; vita vya Kagera viliila Tanzania mali nyingi; kahawa na katani zilianguka katika masoko ya dunia. Dada hawa watatu walipigwa na mvua zile zile, ingawa si kwa kiasi kimoja. Lakini mvua peke yake haielezi kwa nini nguo ya mmoja ilichanika vipande na ya mwingine ikachakaa tu. Lipo jambo la ndani, na jambo hilo ni mkono ulioshika pishi.

Serikali ina njia tatu zilizo wazi za kupata fedha: hutoza kodi, hukopa kwa wenye fedha, au huomba msaada. Kila njia ina uchungu wake. Kodi huchukiza wapiga kura, mkopo hudai riba, na msaada huja na masharti. Njia ya nne haina uchungu wowote siku ya kwanza: serikali huiagiza benki kuu iikopeshe, na benki huandika katika vitabu vyake kwamba serikali sasa ina fedha zaidi. Mishahara hulipwa, barabara huanzwa, na mgombea hupata la kuonyesha. Walakini mahindi hayakuongezeka, wala sabuni, wala mafuta ya taa. Shilingi nyingi zaidi hukimbilia gunia lile lile, na gunia hupanda bei. Mwenye nyumba za kupangisha, ng'ombe au akaunti ya dola hana hofu kubwa, kwani mali yake hupanda pamoja na bei. Aumiaye ni mtu wa mshahara, mstaafu, na mama aliyeweka noti zake ndani ya kanga iliyofundikwa.

Hapo ndipo hoja ya wapinga benki huwageukia wenyewe. Wao husema kwamba gavana asiyetii wachaguliwa ni adui wa utawala wa watu. Lakini katiba za nchi zote tatu zasema kwamba kodi haitozwi ila kwa sheria. Na mfumuko wa bei uletwao na noti za kuagizwa ni kodi isiyosomwa katika bajeti, isiyojadiliwa bungeni na isiyopigiwa kura na mbunge yeyote. Tena ni kodi ambayo mtozwaji hamjui mtozaji. Humwona mwenye duka amepandisha bei, akamtukana mwenye duka. Tanzania iliyaona haya mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo, hapana shaka, na wengine walificha sabuni na sukari kwa tamaa. Lakini mlanguzi huota mahali ambapo fedha ni nyingi na bidhaa ni chache, kama uyoga uotavyo penye unyevu. Uyoga uling'olewa, unyevu ukaachwa.

Uganda ilionyesha mwisho wa njia hii mapema kuliko wenzake. Gavana wake wa kwanza, Joseph Mubiru, aliondolewa katika kazi yake chini ya Idi Amin na kuuawa 1972. Baada ya hapo nani angethubutu kumwambia mtawala kwamba hazina haina kitu? Noti zikawa nyingi, magendo yakawa ndiyo biashara yenyewe, na msiba huo haukukoma Amin alipokimbia, maana kufikia 1987 bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka. Ndipo zikafutwa zile sifuri mbili.

Kenya, iliyojivunia busara, ilionja kikombe hicho katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Fedha zilimwagwa nchini kwa wingi usio na mfano, na katika siku zizo hizo serikali ililipa fidia kubwa kwa mauzo ya dhahabu na almasi katika mkasa uitwao Goldenberg, ingawa nchi haikuwa na machimbo ya kuweza kutoa mali kiasi hicho. Fedha hizo zilipita katika mlango wa benki kuu. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46, na serikali, ili kuzifyonza noti ilizozimwaga, ilibidi ikope kwa hati za hazina zenye riba ya zaidi ya asilimia 70. Mfanyakazi wa Nairobi alilipia uchaguzi ule mara mbili: kwanza dukani, kisha katika riba za miaka iliyofuata.

Wala mambo haya si ya kale. Mwaka 2011, mwaka wa uchaguzi, Uganda ilinunua ndege za kivita za Kirusi kwa kiasi cha dola milioni 740 zilizochotwa katika akiba ya fedha za kigeni. Gavana Emmanuel Tumusiime-Mutebile alinung'unika hadharani, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Ukame na bei za dunia ziliongeza kuni katika moto huo, na Oktoba mwaka ule mfumuko ulipita asilimia 30. Benki ikapandisha riba yake hadi asilimia 23, na wafanyabiashara wadogo ambao hawakununua ndege yoyote wakabeba mzigo wa ndege. Nchi hiyo ilikuwa na katiba ya 1995 isemayo wazi kwamba Benki ya Uganda haitakuwa chini ya amri wala udhibiti wa mtu au mamlaka yoyote. Maandishi yalikuwapo, ila akiba iliondoka.

Mfano wa Tanzania ni wa namna nyingine, na ni mgumu zaidi kuuhukumu, kwa kuwa hapo palikuwa na mtawala mwadilifu. Mwalimu Nyerere hakutaka noti kwa ajili ya anasa; alitaka shule, visima na zahanati, na nia yake haikuwa na doa. Lakini nia njema haiongezi mtama ndani ya pishi. Mamlaka za mazao zilipata hasara mwaka baada ya mwaka; hasara hizo zililipwa kwa mikopo ya benki ya taifa, na nyuma ya benki hiyo ilikuwa Benki Kuu. Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza kabla ya kuwa Waziri wa Fedha, aliona kwamba hesabu hazikubali tena, akapendekeza mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake kushusha thamani ya shilingi. Rais alikataa, na mwishoni mwa 1979 Mtei alijiuzulu. Siku ya mwaka mpya wa 1980 Nyerere aliwauliza mabalozi ni lini Shirika hilo limegeuka kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote.

Lilikuwa swali la haki, na lingali la haki leo. Lakini lilielekezwa kwa mgeni, nalo likafunika swali la pili ambalo halikuulizwa kwa sauti kubwa hivyo: ni nani nchini mwenye idhini ya kumwambia Rais kwamba pishi imepunguka, na akabaki katika kiti chake? Kwa kuwa hakuwapo, shilingi ilijisemea yenyewe. Katika miaka mingi ya muongo ule bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kila mwaka. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ilipatana na Shirika lile lile lililokataliwa, na katika mwaka huo mmoja dola ilitoka kiasi cha shilingi 17 ikapita 50. Taifa lililokataa kuonywa na mwana wake lilikuja kuamriwa na mgeni. Wanaosema kwamba gavana mwenye msimamo ni wakala wa wageni wameipindua hesabu: pale ambapo gavana wa nyumbani hana sauti, ndipo wageni huja na kalamu zao nyekundu.

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya nchi changa na maskini. Uturuki si changa wala si maskini kama hizi. Kati ya Julai 2019 na Machi 2021 Rais Erdoğan aliwaondoa magavana watatu, huku akishikilia kwamba riba kubwa ndiyo izaayo bei kubwa. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 85. Baada ya uchaguzi wa 2023 serikali yake yenyewe iliruhusu riba ipande kutoka asilimia 8 na nusu hadi 50. Mtawala alirudi kwenye njia aliyowafukuzia wenzake, na nauli ya safari hiyo ya kwenda na kurudi ililipwa na raia.

Yote haya huwafurahisha watetezi wa kundi la pili, waliao uhuru wa benki kama watu waliao haki ya urithi. Furaha yao ni ya haraka. Maana ikiwa serikali imewahi kuikanyaga benki, benki nayo imewahi kuikanyaga amana bila ya kusukumwa mbele ya macho ya watu. Ndani ya Benki Kuu ya Tanzania palikuwa na akaunti ya madeni ya nje, na katika mwaka wa fedha wa 2005/06 ilitoa kiasi cha shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22 ambazo hazikustahili, kwa hati ambazo nyingi zilikuwa za kughushi. Ukaguzi ulipoyafunua hayo, Rais Kikwete alimwondoa gavana Januari 2008. Je, mtu mwenye akili atasema kwamba Rais aliingilia uhuru wa benki? Kwa neno uhuru, swali hilo lina utata. Kwa neno amana halina utata hata kidogo, maana mwekewa amana akipoteza mali hujibu.

Tena iko hatia nyingine ya benki hizi ambayo si ya wizi, nayo imewagharimu zaidi kuliko wanavyojua. Ni kunyamaza, au kusema kwa lugha isiyosikika. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuzuia riba ya mikopo isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha benki kuu, na Rais Kenyatta akaitia sahihi mwezi Agosti. Gavana Patrick Njoroge aliipinga, na matokeo yalimthibitisha: mabenki yaliacha kumkopesha mwenye kibanda na kumpelekea serikali fedha zao, kwa kuwa serikali haifilisiki kwa urahisi; mwenye kibanda akaenda kwa wakopeshaji wa simu na wa mitaani, ambao riba yao haikuguswa na sheria. Novemba 2019 sheria ikafutwa. Lakini kwa nini ilipendwa hivyo ilipopita? Kwa sababu watu walikuwa wamelipa riba ya karibu asilimia 18 kwa miaka, wakiona faida za mabenki zikitangazwa magazetini, na hapakuwa na mtu wa benki kuu aliyekwenda kuwaeleza, kwa lugha ya soko, riba hutoka wapi na kwa nini huwa kubwa. Aliyewaeleza jambo lililofahamika alikuwa mbunge. Na mbunge aliwaeleza vibaya.

Benki Kuu ya Tanzania hutoa taarifa za sera yake kwa Kiswahili pia, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini kutafsiri si kueleza. Maneno kama ukwasi na sera ya fedha, yakipangwa bila ya mfano wa unga au nauli, humwacha msikilizaji alipokuwa. Kenya na Uganda ziko nyuma zaidi, maana huko Kiingereza ndicho bado kinashika kalamu katika matamko ya benki. Gavana ambaye sauti yake huwafikia wawekezaji wa ng'ambo kabla ya kuwafikia wenye shilingi asishangae siku anapofukuzwa na hakuna mtu sokoni anayemsikitikia. Hakuna atakayemlinda mlinzi asiyemjua.

Hapa basi ndipo neno lipate kurekebishwa. Mtu huru hutenda apendavyo na mali yake. Mwekewa amana hana mali. Anacho kilicho cha mwenzake, na sheria yake ina pande mbili zisizotengana. Upande wa kwanza: haimpasi kumpa mtu mwingine, awe sultani au ndugu, awe na shida ya kweli au ya uongo, bila ya idhini ya mwenye mali. Upande wa pili: haimpasi kumficha mwenye mali hesabu, wala kumjibu kwa mafumbo. Uhuru bila ya upande wa pili huzaa kiburi. Utii bila ya upande wa kwanza huzaa hiana. Na mwenye mali ni nani? Si Rais, si Bunge, si gavana, wala si Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni kila aliyeuza jasho lake akapokea noti, kwa kuamini kwamba kesho noti ile itanunua kiasi cha leo.

Kwa mizani hiyo mambo mengi yaliyokuwa ya mafumbo huwa wazi. Serikali ina haki ya kuamua nchi ijenge reli au hospitali, na gavana hana neno katika hilo. Serikali, kwa njia ya Bunge, ina haki hata ya kuiandikia benki lengo lake, kama Tanzania ilivyofanya 1995, sheria ilipoweka uthabiti wa bei mbele ya kazi nyingine. Lakini serikali haina haki ya kuagiza noti ili ijilipie deni, wala kumwondoa gavana kwa kosa la kusema ukweli wa hesabu. Sheria ya Kenya imeweka mpaka: mkopo wa benki kuu kwa serikali usizidi asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida yaliyokaguliwa. Mpaka kama huo ni ukingo wa kisima. Hauwanyimi watu maji, huwazuia watoto kutumbukia. Basi kila nchi iwe na mpaka wake, na gavana siku mpaka unapopitwa alazimike kulisema jambo hilo mbele ya Bunge na kwa lugha ya watu, kabla ya bei kulisema. Kuondolewa kwake kuwe kwa kosa lililothibitishwa na si kwa usiku mmoja wa hasira. Na vitabu vyake vikaguliwe na watu asiowateua yeye.

Atakayesema kwamba sheria hazitoshi amesema kweli, na Uganda ya 2011 ni ushahidi wake. Karatasi haijizuii yenyewe kuraruliwa. Lakini wale wanaotoa sababu hiyo ili sheria isiandikwe kabisa ni kama mtu anayekataa kuweka mlango kwa kuwa wezi huvunja milango. Mlango hutoa sauti unapovunjwa, na sauti huamsha majirani. Faida za kazi iliyofanywa tangu miaka ya 1990 si za kudhaniwa. Toka 2018 hadi 2024 wastani wa mfumuko wa bei wa kila mwaka nchini Tanzania haukufika asilimia 5. Kijana aliyezaliwa karibuni hajui maana ya kupanga foleni kwa sabuni, na kwa kuwa hajui, ni rahisi kumshawishi kwamba mkono wa serikali ndani ya benki ni jambo la uzalendo. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Kazi ya vyuo na ya waandishi ni kulikumbusha jambo hilo kwa maneno yanayoeleweka, kabla halijafundishwa tena na duka tupu.

Wakenya walipoandika katiba yao ya 2010 walitia kifungu kimoja kisemacho kwamba benki kuu haitakuwa chini ya amri ya mtu yeyote, na mara baada yake kingine kisemacho kwamba noti na sarafu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Wengi walikiona hicho cha pili kuwa ni cha mapambo, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuona sura za marais zikibadilishana juu ya noti. Lakini vifungu hivyo ni ndugu, na cha pili ndicho hukieleza cha kwanza. Tangu 2019 noti mpya za Kenya zina wanyama na majengo. Anayezikunja mwishoni mwa wiki na kuzitia katika pindo la kanga hachukui mali ya rais wala ya gavana. Amebeba pishi yake mwenyewe, na wote wawili wana deni la kumrudishia ikiwa imejaa kama alivyoiacha.